Belti Mpya na Baba wa Kuazima

Mdogo wangu alipoanza kumwita yule fundi baba, nilikuwa uani nachambua nyanya. Niliendelea kuchambua kana kwamba sikusikia, na kesho yake sokoni Busia mteja mmoja akanionyesha kreti niliyoipanga mbovu juu, nzima chini. Nilimwambia ni joto.

Alichosema ni hiki: baba ameisikiliza injini ya gari langu kwa simu na anasema belti ya taimingi imechoka, afadhali ibadilishwe kabla haijakatika. Nikamuuliza baba yupi. Baba yetu yuko nyuma ya jiko, chini ya simenti tuliyoimwaga wenyewe, tangu huyu mdogo wangu akiwa wa kubebwa mgongoni. Akajibu kwamba anamaanisha fundi wake. Kule gerejini vijana wote humwita hivyo.

Hilo la vijana wote halikunisaidia. Vijana wote sikuwalea mimi.

Mimi ni kifungua mimba. Wazazi walipotutoka, mmoja kisha mwingine, niliacha shule darasa la sita nikashika jembe, na baadaye nikashika meza ya nyanya na vitunguu. Dada yetu wa katikati aliolewa mbali. Huyu wa mwisho nilimlea hapa Kwapa, karibu na mpaka wa Kenya, katika boma la baba, kwenye shamba ambalo majirani walijaribu kulimega na kila mara wakanikuta nimesimama kwenye mpaka na panga la kufyekea. Wachumba walikuja wakataka niwafuate kwao. Niliwaambia wasubiri mtoto akue, nao hawakusubiri.

Alipoanza kusema, aliniita mama. Nilimkataza. Nilimpeleka kaburini nikamwonyesha mama ni yupi, nikamwambia mimi ni dada. Niliona hiyo ndiyo heshima kwa marehemu. Na neno la pili, lile la baba, nililihifadhi vilevile bila kuguswa na mtu. Sasa amelivusha mpaka akamkabidhi mtu wa ng'ambo kwa sababu anajua kufunga nati.

Tena ni mimi niliyemtuma kwake. Alipomaliza sekondari alitaka kujifunza injini, na watu wenye magari walikuwa wakisifu gereji ya mzee mmoja upande wa Kenya, wakisema gari likitoka kwake halirudi. Nilimsindikiza mwenyewe mpaka forodhani, nikampa kuku wa kumpelekea. Akawa anavuka Jumatatu na kurudi Jumamosi, na kila Jumamosi alirudi na kitu kipya kisicho changu. Aliondoka akisema Kiswahili chetu cha sokoni, nakwenda, nakula, mtu anaelewa, basi. Akarudi akinirekebisha. Nyumbani tunasema lugha yetu, lakini nikimuuliza jambo alijibu kwa Kiswahili cha kule, haraka haraka, kisha akakumbuka akarudia kwa lugha ya nyumbani kama mtu anayemtafsiria mgeni. Akaanza kupiga mluzi akifikiri. Katika ukoo wetu hakuna apigaye mluzi.

Belti yenyewe ni mkanda wa mpira wenye meno upande wa ndani. Umefichwa chini ya kifuniko, hata ukifungua boneti huuoni. Kazi yake ni kuzifunga sehemu za juu za injini na za chini ziende pamoja, moja ikipanda nyingine iipishe. Ukikatika gari likiwa barabarani, za juu na za chini hugongana, na injini nyingi hufia hapo. Hayo yote alinieleza mdogo wangu, na kila sentensi ilianza na "baba anasema". Gari hilo ndilo linalobeba nyanya zangu kutoka mashambani mpaka Busia na wakati mwingine Tororo. Likifa, narudi kuomba nafasi juu ya mizigo ya wengine. Kwa hiyo nilikubali. Nikauliza tu nilipeleke lini gerejini.

"Hapana," akasema. "Atakuja hapa. Tutaifanyia uani."

Nikajua kuna jambo, kwa sababu fundi wa sifa zile haachi gereji yake akavuka mpaka kwa ajili ya gari la muuza nyanya. Siku iliyofuata mdogo wangu alinikuta shambani akanieleza. Anataka kujenga nyumba yake hapa kwetu. Fundi akija kwa ajili ya belti, atamwomba amwonyeshe mahali.

Katika ukoo wetu mwanaume hachagui mwenyewe pa kujenga. Anaonyeshwa. Baba yake, au mwanaume anayesimama mahali pa baba, hutembea naye shambani, husimama, hupiga kigingi ardhini, na hapo ndipo nyumba itakapokuwa. Mwanamke hapigi kigingi. Hata awe amelilinda shamba hilo tangu akiwa na meno ya utotoni, hapigi. Nyumba iliyopigiwa kigingi na mwanamke, wazee husema, haikai watoto.

Hilo nililijua na nilikuwa nimejiandaa. Baba yetu ana mdogo wake kule Kisoko. Nilikuwa nimeshamtumia salamu kwamba siku yaja tutakayomhitaji.

"Yule aliyechukua baiskeli?" mdogo wangu akauliza.

Ni kweli. Tulipofiwa, baba mdogo alikuja matanga, akala, akaondoka na baiskeli ya marehemu, na hatukumwona tena mpaka ilipotoboka na akataka kujua pampu iko wapi. Simpendi. Lakini kwa kazi ile alinifaa kabisa. Angekuja, angepiga kigingi chake, angekula kuku na kuondoka, na hakuna mtu katika Kwapa nzima ambaye angedhani yeye ndiye aliyemlea huyu kijana. Yule fundi je? Kijana anamwita baba, anapiga mluzi kama yeye, anashika spana kama yeye. Akisimama katika shamba letu na nyundo mkononi, watu watasema, ahaa, kumbe ndiye. Na mimi nitakuwa dada mmoja aliyekuwapo.

Nilimwambia afanye apendavyo. Akanishukuru. Sijui alisikia nini katika maneno hayo cha kushukuru.

Fundi alifika Jumamosi asubuhi kwa bodaboda, ovaroli yake imekunjwa ndani ya mfuko. Nilikuwa nimemtengeneza kichwani mwangu mtu mrefu wa sauti nzito. Alikuwa mfupi, kitambi kidogo, anacheka kabla hajamaliza mzaha wake mwenyewe. Alinisalimu kwa adabu zote, akaulizia nyanya, akaulizia mvua, kisha akalizunguka gari langu akipiga mluzi. Ule ule. Nikaingia jikoni.

Nilikuwa nimeamua kutochinja kuku. Nilipika ugali wa wimbi na dagaa. Mdogo wangu alikuja akafunua chungu, akaniangalia, akafunika.

Kisha nikatoa kigoda changu nikakaa karibu na gari, nikiwa na ungo wa maharagwe. Nilijiambia ni gari langu, lazima niangalie linavyofunguliwa. Waliinua upande mmoja kwa jeki, wakatoa gurudumu, wakaweka kipande cha gogo chini ya injini ili isianguke wakitoa kishikio chake. Walifanya kazi kwa maneno machache. Fundi alinyoosha mkono nyuma bila kugeuka, na spana iliyotakiwa ilikuwa tayari kiganjani. Hakuiomba. Mimi huyu mtoto nimemtuma chumvi maisha yake yote na hajawahi kuileta kabla sijaitaja mara mbili.

Bolti kubwa ya chini iligoma. Waliweka bomba la chuma kwenye mkono wa spana ili uwe mrefu, mdogo wangu akapanda juu yake akaruka kama mtoto kwenye tawi, na fundi chini akimhimiza, polepole, polepole, hapo hapo. Ilipoachia, mdogo wangu alianguka chini kwa makalio, nao wakacheka hadi fundi akajishika kwenye boneti. Sikumbuki kama nimewahi kumchekesha hivyo. Nilikuwa na kazi ya kumlisha.

Fundi aliniona nimewakazia macho. "Mwenye gari," akasema, "unatukagua kama watu wa forodha."

"Forodha hukagua kinachoingia," nikamjibu.

Akacheka tena. Mdogo wangu hakucheka.

Belti ya zamani ilitoka ikiwa imepasukapasuka kama kisigino cha kiangazi. Fundi alinipa niishike. Niliikunja, nikaona nyufa zinafunguka katikati ya meno, nikafikiria mteremko ninaoushuka kila siku ya soko na kreti zote zile nyuma yangu. Nilipaswa kushukuru. Nikasema tu kwamba kumbe ni nyembamba hivi.

Waliweka alama za rangi nyeupe, juu kwenye gurudumu dogo lenye meno na chini kwenye lingine, wakazilinganisha na alama za injini yenyewe, wakavalisha belti mpya. Mdogo wangu ndiye aliyeivalisha. Fundi aliinama akakagua, akasema vizuri. Na mdogo wangu, mikono bado imejaa grisi, akachagua wakati huo kusema lile jambo lake. Alisema kwa ufupi. Kwamba anataka kujenga hapa, kwamba hana baba, na kwamba angependa fundi ndiye amwonyeshe mahali.

Fundi alifuta vidole kimoja kimoja kwa kitambaa. Nilimwona amefurahi na ameogopa, na vyote viwili vilinikera. Akasema tumalize injini kwanza. Kisha akaniita.

Kule kwake kuna utaratibu ambao hauvunji. Belti ikishavaliwa, injini haiwashwi hivi hivi. Inazungushwa kwa mkono kwanza, kwa spana, mizunguko miwili kamili, ili kuhakikisha hakuna kinachogongana na kwamba alama zinarudi mahali pake. Na mizunguko hiyo haizungushi yeye wala mwanafunzi wake. Anazungusha mwenye gari.

"Gari ya mtu, mkono wa mtu," akasema. "Fundi akisikia ugumu atataka kulazimisha amalize kazi. Mwenye gari hatalazimisha."

Nikaweka ungo chini, nikashika spana. Robo ya kwanza ilikwenda laini. Kisha ikakaza. Nikavuta tena, ikasukumana na mkono wangu kama kuna mtu upande wa pili anayevuta.

"Imekataa," nikasema.

Fundi aliruka kutoka alipokuwa. Alishika spana, akaijaribu kidogo sana, akaiachia. Uso wake ulibadilika. Mdogo wangu akasema papo hapo kwamba ni yeye, ni yeye aliyevalisha belti, huenda ameruka jino moja. Fundi akasema hapana, si wewe, mimi ndiye niliyekagua, kosa ni langu. Mdogo wangu akasema hapana, baba, wewe ulikuwa umeangalia upande wa juu tu. Nikasimama pale na injini yangu iliyoharibika, nikiwasikiliza wakinyang'anyana lawama, kila mmoja akitaka kuibeba ili mwingine asiibebe. Katika maisha yangu yote mimi lawama huwa nabeba peke yangu, hakuna anayeninyang'anya.

Wivu ule ulikuwa moto hata niliusikia masikioni. Lakini chini yake kulikuwa na kitu kingine, kitamu. Ameshindwa. Fundi wa sifa, amevuka mpaka kuja kuharibu gari la watu mbele ya kijana wake. Atapiga kigingi gani sasa?

Kisha fundi akainama, akaangalia juu ya injini, akajipiga paji la uso akaacha alama ya grisi. "Plagi," akasema. "Tumeacha plagi ndani. Ni maneno ya huyu yamenipotosha."

Akanieleza. Plagi zikiwa ndani, hewa haina pa kutokea, na injini hukusukuma kama pampu ya baiskeli uliyoiziba mdomo kwa kidole. Ziondolewe kwanza, ndipo uzungushe. Hakuna kilichogongana. Walizifungua zote, nikashika spana tena, nayo ikaenda kama kukoroga uji. Mizunguko ilipotimia, alama za rangi zilirudi zikatazamana, ya juu na ya chini, sawasawa.

Fundi alikwenda kunawa uso kwenye mtungi. Mdogo wangu alibaki amechuchumaa kando yangu, akasema taratibu kwa lugha ya nyumbani, "Dada, ulifurahi."

"Nilisema nini?"

"Hukusema. Ulicheka."

"Lile ni gari langu. Nicheke gari langu likifa?"

"Ndiyo maana nimeogopa," akasema, akaanza kukusanya spana.

Walifunga kila kitu, wakarudisha gurudumu, wakawasha. Injini ilinguruma mara moja kisha ikatulia, sauti yake kama cherehani. Nilitega sikio nikitafuta mlio wowote, hata mdogo, na sikuupata.

Nikawanawisha, nikawatengea chakula. Fundi alikula ugali wa wimbi kwa furaha, akaongea na tonge mdomoni, akasema kwao Samia dagaa hawapikwi hivi, na kwamba akienda kusimulia nyumbani mke wake atakosa raha. Alipomaliza, akalijibu ombi la mdogo wangu, lakini alilijibu akiniangalia mimi.

Alisema anapenda. Vijana wamepita wengi mkononi mwake na hakuna aliyewahi kumwomba jambo kama hilo. Ila hata upande wao, kijana haombi aonyeshwe na mtu wa nje. Anayemwita mtu wa nje ni mwenye boma. Akiitwa na kijana tu, huyo ni mgeni anayepima shamba la watu. "Kwa hiyo nauliza," akasema, "hapa mwenye boma ni nani?"

Mdogo wangu aliangalia sahani yake. Nilielewa kwamba jambo lote limewekwa mkononi mwangu, na kwamba nikinyamaza tu, bila hata kukataa, fundi atafunga ovaroli yake avuke mpaka, na kigingi kitapigwa na mtu wa baiskeli kutoka Kisoko. Ndicho nilichokitaka. Nilimtazama mdogo wangu ili nifurahie. Alikuwa anachora kwa kidole kwenye mabaki ya mchuzi, kama alivyofanya zamani siku ambazo chakula kilikuwa kimekwisha na hakutaka kuomba zaidi. Siku zile nilimwongezea cha kwangu.

"Unajua maji ya mvua hupita wapi katika shamba hili?" nikamuuliza fundi.

"Sijui, mama."

"Mchwa je, unajua wako wapi?"

"Sijui."

"Pale walipozikwa babu zetu, kabla ya simenti?"

"Sijui hata kimoja."

"Sasa utamwonyesha nini?"

"Utakaponiambia," akasema.

Nikasimama nikajifunga leso vizuri. Nikamwambia mdogo wangu alete nyundo na achonge kigingi cha mti mgumu, si mkaratusi, mkaratusi huota. Nikamwambia fundi avae viatu, shambani kuna miiba. Huo ndio ulikuwa mwito wangu; zaidi ya hapo sikumwita, na yeye hakudai zaidi.

Nilitangulia. Niliwapitisha kando ya mfereji, nikawavusha mahali ambapo udongo ni mwekundu na hujaa maji, nikawazungusha mbali na kichuguu. Nilikuwa nimeshapachagua zamani, pale juu kidogo, ambapo ukisimama unaona paa la nyumba yangu na mwamba wa Tororo kule mbali. Nilipapanda mihogo miaka yote ili mtu mwingine asipatamani. Nikaingia katikati ya mihogo nikakanyaga kwa mguu wa kulia.

"Hapa," nikasema.

Fundi akapiga goti, akaweka ncha ya kigingi karibu na kidole changu gumba, akainua nyundo. Akasubiri.

"Mama, ondoa mguu."

"Piga pembeni."

"Nitakuumiza."

"Wewe ni fundi, piga pembeni."

Akaniangalia, akamwangalia mdogo wangu, ambaye alikuwa ameweka mkono mdomoni. Kisha akapiga, kwa uangalifu kama mtu anayegonga msumari kwenye kioo, na kila pigo lilipanda kwenye unyayo wangu mpaka gotini. Kigingi kilipozama, mdogo wangu alimpa mkono akasema, "Asante, baba."

Iliniuma. Nikabaki nimekanyaga palepale mpaka mdogo wangu naye akaja akainama, akaanza kunisafisha udongo mguuni kwa mikono yake iliyobaki na grisi, akiuchafua zaidi.